Mpigo wa Kwanza Si Wako

Nakiru alinipigia simu nikiwa nachambua maharagwe, akasema bila kuzunguka, "Mwalimu, Baba ametuacha. Tunamzika Jumamosi hapa Burat. Alisema wewe ndiye utaongea." Nikamwambia pole, nikamwambia nitakuja, nikakata simu kabla hajasikia vile hilo neno "pole" lilivyonikwama kooni. Kuna jambo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata wanangu. Tangu nistaafu ualimu, kigugumizi changu cha ujana kimerudi, kama jamaa wa mbali aliyesikia kuna pensheni. Mimi niliyehutubia paredi miaka nenda miaka rudi, siku hizi nikienda dukani kutaka kiberiti naonyesha kwa kidole, na yule msichana wa duka anadhani ni maringo ya walimu wakuu. Sasa naambiwa nisimame mbele ya watu na maikrofoni. Tena si kwa maziko ya mtu yeyote tu. Ni ya Ekal, baba yake Nakiru, yule yule aliyenipa ulimi. Nikimwaibisha huyo kaburini, nitamtazama nani usoni? Niliyaacha maharagwe pale kwenye ungo, nikakaa nikikumbuka.

Mwaka ninaoukumbuka ni mmoja tu. Mambo ya nani alimzaa nani na shamba lilikuwa la nani nayaacha, hayana utamu. Nilikuwa nimemaliza shule ya upili, nikaitwa mahojiano katika chuo kimoja cha ualimu. Niliingia kwenye chumba kile na sketi iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Nyuma ya meza walikaa watu watatu, na yule wa katikati, mzee wa miwani, akaniuliza swali ambalo hata mtoto wa chekechea hujibu: "Jina lako nani?" Mimi naitwa Katarina Karimi. Wazazi wangu walinipenda, sikatai, lakini kumpa mtoto wa kigugumizi majina mawili yote ya K ni kumchimbia mashimo mawili mlangoni mwake. Nikaanza. K, k, k, kama mashine ya kusaga inayokataa kuwaka. Jasho likanitoka, shingo ikasimama mishipa, na jina langu mwenyewe likakataa kutoka. Yule mzee hakuwa mtu mbaya. Aliniambia kwa upole, "Binti, mwalimu hufanya kazi kwa mdomo. Jaribu tena mwaka ujao, kama mambo yatakuwa yamekaa vizuri." Upole wake uliniuma kuliko matusi. Nilijua mwaka ujao ungekuwa wa mwisho, maana nyumbani walishaanza kunitafutia mtu wa kunioa, na mimi nilitaka darasa. Nilitaka chaki na ubao na watoto, kuliko kitu chochote duniani.

Nikateremka Isiolo kukaa kwa shangazi, aliyeuza mboga sokoni, ili nisiwe nikiulizwauliza na majirani. Huko ndiko nilikoona karatasi imebandikwa kwenye mlango wa duka la kanda za muziki, uliopakwa rangi nyekundu, manjano na kijani: anatakiwa mtu wa kuandika majina ya kanda, awe na mwandiko mzuri. Kazi ya mwandiko! Kazi isiyo na mdomo! Niliingia, nikachukua kalamu juu ya kaunta, nikaandika nyuma ya ile karatasi kwamba naitaka hiyo kazi. Mwenye duka aliisoma, akanitazama, akasema, "Mwandiko ni safi. Sauti iko wapi?" Nikatikisa kichwa. "Sawa," akasema. "Hapa kelele ziko za kutosha."

Huyo ndiye Ekal, Mturkana mrefu, mkavu, aliyewahi kubeba mizigo bandarini Mombasa na kurudi nyumbani na makasha mawili ya sahani za santuri badala ya mali. Alikuwa rasta mwenye kipara. Kichwa chake kiling'aa mpaka ungejitazama humo ukichana nywele. Vijana wa stendi walimwita Ras Kipara na walimchokoza kila siku: "Ras, rasta zako ziko wapi?" Naye akavua ile kofia yake ya kufumwa, akajipapasa, akajibu, "Zimeota kuelekea ndani. Ziko kwa moyo." Bangi hakuvuta, miraa hakutafuna, pombe hakugusa. Alikunywa chai ya maziwa ya ngamia kutoka kikombe cha bati, na kila Ijumaa jirani yetu alituletea nyirinyiri, zile nyama ndogo zilizokaangwa na kuhifadhiwa kwa mafuta, tukazila na chapati juu ya kaunta huku tumefunika kanda kwa gazeti zisipate mafuta. Mpaka leo nikisikia harufu ya nyama ya kukaanga, sikio langu huanza kusikia besi.

Chumba cha mbele kilikuwa cha wateja. Cha nyuma kilikuwa kimetengwa kwa blanketi zito la mtumba, na kuta zake zote zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirukeruke. Mle ndani ndimo alimorekodi salamu. Msomaji wa leo mwenye simu mfukoni aelewe: siku hizo simu ilikuwa ya kupanga foleni posta, na watu wa mifugo kule Kulamawe na kwingineko hawakukaa mahali pamoja kungoja barua. Kwa hivyo watu walitumiana sauti. Mama alikuja akaingia nyuma ya blanketi, akamsemesha mwanawe aliye mbali mpaka upande mmoja wa kanda ukaisha: ng'ombe fulani amezaa, mvua imegoma, fulani ameolewa, wewe utakuja lini. Kanda ikapewa dereva wa lori, ikafika. Mahali pengine pia walifanya hivyo. Kile ambacho sikukiona penginepo ni kwamba Ekal aliweka muziki chini ya hayo maneno, na si muziki wowote. Aliweka dub.

Dub, alivyonieleza, ilitokana na mafundi wa kule Jamaika waliochukua wimbo uliokwisha kurekodiwa wakamtoa mwimbaji, wakabakisha ngoma na besi na vipande vya gitaa, na mwangwi ukizunguka humo kama mtu aliyeita kisimani. Upande wa pili wa sahani uliachwa hivyo, bila mwimbaji. Kisha wachezesha muziki wa mitaani wakaona hiyo nafasi, wakashika maikrofoni wakaanza kuongea juu yake, kusalimu watu, kujisifu, kutania. "Unaona?" Ekal aliniambia. "Huko Jamaika waliongea juu ya ngoma tupu. Hapa Akoo Talaso anaongea na kijana yake juu ya ngoma tupu. Ni kazi moja tu, sista."

Akoo, yaani bibi kwa Kiborana, Talaso huyo alikuwa mwanamke Mborana wa Kulamawe, mdogo wa umbo, mkali wa macho, mteja wetu mkubwa kuliko wote. Mwanawe alifanya kazi Mombasa. Yeye ndiye aliyetuwekea sheria ya duka. Siku moja zamani, kabla sijafika, aliletewa kanda iliyoanza na sauti ya mtu asiyejitambulisha, akaizima hapo hapo. "Sauti bila jina ni ya jini," akasema. Tangu siku hiyo kila kanda ilifunguliwa na Ekal mwenyewe: anataja jina lake, anataja Isiolo, anataja nani anamsalimu nani, ndipo mwenye salamu aendelee. Watu walizoea hivyo mpaka kanda isiyofunguliwa na jina ikawa haipokelewi. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika vibandiko, kusafisha vichwa vya mashine kwa pamba na spiriti, na kurudisha nyuma kanda kwa kalamu ili kuokoa betri.

Na kupanga rafu. Hapo ndipo Ekal alipokuwa mwalimu kuliko walimu wote niliowahi kuwa nao, na nimekuwa nao wengi. Hakutaka kanda zipangwe kwa herufi. Alitaka zipangwe kwa kuzaliwa. Rafu ya chini kabisa aliweka mento, nyimbo za mashambani za kisiwa kile, gitaa na banjo na sanduku la mbao lenye vyuma ambalo mpigaji hulikalia. "Huyu ni babu. Bila huyu hakuna mtu hapa." Juu yake ska, iliyokuja wakati kisiwa kinapata uhuru, tarumbeta juu juu, miguu haikai chini. Ilikuwa imekula pia muziki wa Waamerika weusi uliosikika kwa redio usiku, lakini ikaugeuza, mkazo ukawa pale ambapo wengine hupumzika. Juu yake rocksteady, ska iliyochoka ikaamua kutembea. Ekal alisema wako wanaodai ni joto la mwaka fulani lililowachosha wachezaji. Yeye aliona ni besi tu ilitaka nafasi ya kuongea. Ndipo rafu ya usawa wa macho, rafu ya heshima: reggae yenyewe, ile ya mizizi, yenye ngoma za ibada za Warasta ndani yake, inayolia juu ya utumwa na njaa na kumwita Mungu. Kando yake dub. Kando tena zile laini za mapenzi walizoziimba watoto wa Wajamaika waliozaliwa Uingereza, ambazo wasichana wa mji walizinunua wakificha kwa leso. Na juu kabisa, karibu na dari, dancehall, iliyopigwa kwa kompyuta, aliyolazimika kuiweka kwa sababu vijana waliitaka. "Hii nayo imeanza kukimbia tena," akanung'unika. "Watu hawasikii. Haraka haraka ni ska." Hiyo ilikuwa methali yake ya kujitungia, na aliitumia kwa kila jambo, hata chai ikimwagika.

Wateja walikuwa na maneno yao. Namkumbuka dereva mmoja wa lori la ng'ombe aliyesikia kwa mara ya kwanza kwamba Warasta walimtukuza mfalme wa Uhabeshi, yaani Ethiopia, na kuiona nchi ile kama mbinguni. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mimi nimepita mpaka wa Moyale hata sihesabu, nimeingia ndani huko, hakuna mtu ameniambia niko mbinguni!" Ekal hata hakuinua macho kutoka kwenye mashine. "Wewe unaingia mbinguni na gari ya ng'ombe, utajuaje?" Duka zima lilikufa kwa kicheko. Lakini baadaye, dereva alipoondoka, niliona Ekal amesimama mlangoni akiitazama ile barabara inayokwenda kaskazini. Akasema taratibu kwamba kuna watu wa kule ng'ambo waliimba maisha yao yote wakiitamani barabara hii, na sisi tunaitumia kupeleka mbuzi. Nilimpenda sana siku hiyo, vile mtu humpenda mwalimu.

Sasa nije kwa jambo lenyewe. Adhuhuri moja, Ekal akiwa nyuma ya blanketi, nilikuwa nasafisha vichwa vya mashine ya mbele na dub inacheza, na nikajikuta nasoma vibandiko kwa sauti kufuata besi. Majina ya watu, majina ya mahali. Yalitoka. Nikatambua kwamba yanatoka, nikashtuka, na papo hapo yakakwama. Blanketi likafunuka. Nilidhani atanicheka. Badala yake akaniuliza, "Unakwama wapi? Katikati ama mwanzo?" Nikaonyesha kidole kimoja: mwanzo. Mwanzo wa neno, mwanzo wa sentensi, mlangoni. Nikishapita mlango sina shida. Uso wake ukafunguka kama mtu aliyeona ufunguo uliopotea.

"Sista Karimi, kaa chini," akasema. Akaweka ska. "Ingia." Nikajaribu kusema jina langu. K, k, k. "Unaona, hii inakusukuma. Hapana yako." Akaweka rocksteady. Nikakwama, lakini kidogo. Kisha akatoa kwenye rafu ya heshima kanda ya reggae ya mizizi, akaongeza besi mpaka vikombe vikatetemeka, akaanza kuhesabu kwa mkono juu ya kaunta. "Moja," na mkono wake ukabaki hewani, haukugonga kitu. "Mbili," gitaa likakata, chak. "Tatu," hapo ngoma yote ikaanguka kwa pamoja. "Nne," gitaa tena. "Hii wanaita one drop. Umesikia ile moja? Iko tupu. Muziki mwingine wote unagonga pale mwanzo, wewe na muziki mwingine wote mnagombania mlango. Hawa Wajamaika waliacha mlango wazi. Hakuna mtu anaingia kwa moja. Kwa hivyo hata wewe usiingie. Mpigo wa kwanza si wako. Uache upite, uvute pumzi, uingie na gitaa."

Nikaacha wa kwanza upite. Nikavuta pumzi. "…Karimi," nikasema.

Woi, jamani! Nilisema tena. Nikasema la pili, Katarina, nikayasema yote mawili, nikayaimba, nikayapiga kelele mpaka jirani akachungulia kuuliza kuna nini. Ekal akamwambia, "Hakuna kitu. Huyu amezaliwa tu." Msidhani nilipona siku hiyo. Kigugumizi si homa ya kumeza dawa ikaisha. Kila siku wateja wakipungua tuliketi na one drop, akinisemesha kama mteja, kama hakimu, kama yule mzee wa miwani. Siku nyingine nilirudi nyuma kabisa, nikatoka nje nikalia kando ya magunia ya mkaa. Naye hakunifuata kunibembeleza. Aliongeza besi tu, nikaisikia hata nikiwa nje, mpaka nikarudi.

Kisha jino likamwuma. Alivumilia kwa ubishi wake, akaliacha mpaka shavu likafura, na siku alipoling'oa alirudi dukani na pamba mdomoni, hawezi kusema hata eeh. Siku hiyo hiyo Akoo Talaso akaingia. Mwanawe alikuwa amekaa muda mrefu bila kujibu, lori la rafiki wa kijana huyo lilikuwa stendi linapakia, na bibi alikuwa na neno zito la kumpelekea: baba yake kijana hali yake si nzuri, arudi nyumbani. "Salaam aleikum," akatusalimu, akapita moja kwa moja nyuma ya blanketi, nasi tukamfuata. Ekal akaonyesha shavu lake. Akoo akamtazama, kisha akanitazama mimi. "Huyu atafungua," akasema. Nikatikisa kichwa. Ekal alitikisa chake pia, lakini kwa namna nyingine, akanisukumia maikrofoni. "Akoo," niliweza kusema, "an… an… anza tu wewe. Atakujua sauti." Bibi yule akaninyooshea kidole. "Sauti bila jina ni ya jini. Maneno ya baba yake kuugua yasifike na jini. Sema jina yako, msichana."

Ekal akaweka dub. Besi ikaingia miguuni kwanza. Nilimwona akihesabu kwa kidole, na kwa moja kidole chake kikabaki hewani. Mpigo ukapita. Mzunguko mwingine ukapita. Akoo hakuniharakisha, alikaa na mikono mapajani kama mtu anayengoja mbuzi wafike kisimani. Mzunguko mwingine tena. Na kisha, pamoja na gitaa, nikasikia sauti ya mwanamke ikisema: "Naitwa Katarina Karimi. Naongea kutoka Isiolo, dukani kwa Ekal. Hapa niko na mama yako, Talaso. Msikilize vizuri." Nilipomaliza, Akoo akanishika mkono bila kunitazama, akaanza kumsemesha mwanawe kwa Kiborana, na hakuniachilia mkono mpaka kanda ikafika mwisho. Kijana alirudi. Alimkuta baba yake hai, wakakaa pamoja miezi kadhaa. Akoo mwenyewe ndiye aliyekuja kutuambia, na kopo la maziwa mkononi.

Kwenye mahojiano ya pili hapakuwa na ngoma. Wale wale watatu, meza ile ile, miwani ile ile. "Jina lako nani?" Ndani ya kiatu, kidole gumba changu kikaanza kuhesabu. Moja ikapita. Yule mzee akainua macho kutoka kwenye karatasi, nikaona huruma ikianza kupanda usoni mwake, nikasema moyoni, ngoja kidogo, mzee, si yako hiyo. Kisha nikaingia. Nikaingia darasani pia, na sikutoka mpaka mwaka jana.

Jumamosi nilishuka Burat nikiwa na shuka begani. Watu walijaa: wazee wa kanisa, vijana wa stendi ambao sasa wana mvi, wanawake wa Kiborana wenye mitandio. Ile kofia ya kufumwa ilikuwa juu ya jeneza, na mjukuu wake, mtoto wa Nakiru, ameishikilia upepo usiichukue. Hawakupiga muziki. Mchungaji hakutaka, na sitaki kumlaumu. Nakiru akaniletea maikrofoni. Nikaishika. Nikafungua mdomo, na mlango ukafungika, vile vile kama zamani, K, k. Nikafunga mdomo. Mbele yangu watu wakatazama chini kwa aibu niliyoijua tangu ujana. Nikatazama ile kofia. Wewe mzee mwenye kipara, nikasema kimoyomoyo, uliniachia kazi.

Mguu wangu ukaanza wenyewe kuhesabu. Moja ikapita tupu. Ikapita tena. Ikapita mara ya tatu, na yule mtoto akamvuta mama yake nguo akauliza kwa sauti, vile watoto huuliza, "Mwalimu amesahau?"

"Nyamaza," Nakiru akamwambia. "Anangoja ile ya kwanza ipite. Si yake."

Nikavuta pumzi, nikaingia.